Uliza Tukujibu: Asili ya Kialbania katika Ugiriki ya Leo

Barua nyingi za mara hii zinauliza juu ya watu wenye asili ya Kialbania nchini Ugiriki, na karibu zote zinachanganya makundi ambayo Wagiriki wenyewe hawayachanganyi. Basi tuyatenge kwanza. Wapo Waarvaniti, Wakristo wa Orthodoksi ambao mababu zao waliingia kusini mwa Ugiriki kati ya mwisho wa karne ya 13 na karne ya 16. Walikuwapo Wacham, wengi wao Waislamu, huko Epirus, kaskazini magharibi mwa Ugiriki karibu na mpaka. Waislamu hao karibu wote waliondoshwa 1944 na 1945. Wapo wahamiaji waliovuka mpaka kuanzia 1991, utawala wa kikomunisti ulipoanguka Albania. Na wapo Wagiriki wa kusini mwa Albania, waliokuja na pasipoti ya Albania lakini serikali ya Athens ikawapokea kama ndugu. Kabla ya kuuliza lolote, jua unamsema nani kati ya hao wanne.

Nimesoma kwamba mashujaa wa vita vya uhuru vya Ugiriki vya 1821 walikuwa Waalbania. Mwenzangu anasema huo ni uzushi. Nani mkweli? (Mwalimu wa historia)

Mwalimu, kila mmoja wenu ameshika upande mmoja wa jambo. Visiwa vya Hydra na Spetses, vilivyotoa sehemu kubwa ya meli za mapinduzi, vilikaliwa na Waarvaniti, na lugha ya majahazini mle ilikuwa Kiarvanitika, yaani Kialbania cha Waarvaniti. Andreas Miaoulis na Georgios Kountouriotis ni wa Hydra. Laskarina Bouboulina ni wa Spetses. Markos Botsaris, aliyeuawa vitani karibu na Karpenisi mwaka 1823, alitoka Souli, jamii ya milimani ya Epirus iliyotumia Kialbania na Kigiriki. Mwaka 1809, akiwa uhamishoni Corfu, aliandika msamiati wa lugha hizo mbili, na hati hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris. Uhuru ulipopatikana, Antonios Kriezis wa Hydra alikuwa waziri mkuu kuanzia 1849 hadi 1854, na Pavlos Kountouriotis, amirali wa ukoo wa Georgios, akawa rais wa jamhuri mwaka 1924. Hapo mwenzako hana pa kushika.

Sasa upande wa pili. Dola ya Uthmani iliwahesabu watu kwa dini. Mkristo wa Orthodoksi, awe anasema Kigiriki, Kialbania, Kivlachi au Kibulgaria, alikuwa chini ya Patriaki wa Konstantinopoli, na Mwislamu wa lugha yoyote alikuwa upande wa sultani. Vita vya 1821 vilifuata mstari huo. Waalbania Waislamu walipigana katika majeshi ya Uthmani dhidi ya Waarvaniti ambao wangeweza kuwatukana kwa lugha yao wenyewe kutoka ng'ambo ya bonde. Taifa la Albania lilitangaza uhuru 1912, karibu karne nzima baadaye. Kumwita Miaoulis Mwalbania kwa maana ya leo ni kumvika kanzu ambayo haikuwa imeshonwa. Kusema kwamba Kialbania hakikuwamo kabisa katika mapinduzi ni kosa kubwa zaidi, na ndilo lililofundishwa kwa muda mrefu kwa kulinyamazia jambo hilo.

Waarvaniti walifikaje kusini? Walialikwa. Tauni na vita vya karne ya 14 vilikuwa vimeacha mashamba bila watu. Manuel Kantakouzenos, aliyetawala Morea (yaani Peloponnese) kuanzia 1349 hadi 1380, aliwakaribisha wawe wakulima na askari, na waliomfuata wakaendelea hivyo. Huko Attica, mkoa wa Athens, wakati mji huo ukiwa chini ya taji la Aragon (katika Hispania ya leo), mfalme Pere wa Nne alitoa mwaka 1382 msamaha wa kodi wa miaka miwili kwa Wagiriki na Waalbania ambao wangekuja kukaa. Ndiyo maana vijiji vyao vimetanda pale palipokuwa na ardhi tupu: Attica, Boeotia, kusini mwa Evia, kaskazini mwa Andros, Corinthia, Argolis na visiwa vya Saronic. Si kabila lililosukumwa ukingoni, kwa maana wameizunguka Athens pande zote.

Waarvaniti ni wangapi leo? Na wahamiaji Waalbania je? (Msomaji wa takwimu)

Wahamiaji wanahesabika. Sensa ya 2001 ilikuta raia wa Albania takriban 438,000, na ya 2011 takriban 480,000, zaidi ya nusu ya wageni wote nchini. Kumbuka kwamba sensa inahesabu uraia: aliyepata uraia wa Ugiriki anatoka katika safu hiyo hata kama nyumbani kwake panasemwa Kialbania.

Waarvaniti hawahesabiki. Sensa ya mwisho kuchapisha takwimu za lugha ni ya 1951, na ilitaja wasemaji wa Kialbania wapatao 23,000, idadi ambayo wataalamu wengi wanaiona ndogo mno, kwa kuwa watu hawakuwa na hamu ya kumwambia karani wa serikali kwamba nyumbani husema kitu kingine. Tangu hapo dola haiulizi lugha wala kabila. Ukikuta idadi kamili ya Waarvaniti imeandikwa mahali, hiyo ni kadirio la mwandishi, na mara nyingi unaweza kujua msimamo wake wa kisiasa kwa kuangalia ukubwa wa tarakimu.

Je, ni tusi kumwita Mwarvaniti "Mwalbania"? (Baharia, Piraeus)

Kwa wengi wao, ndiyo. Mwarvaniti wa Attica au Boeotia anajiona Mgiriki kamili aliyejenga taifa hilo, na lugha ya babu yake haimwondolei chochote. Kigiriki kina majina mawili tofauti, Arvanitis kwa huyu na Alvanos kwa raia wa Albania, na tangu miaka ya 1990 jina la pili lilibebeshwa mzigo mzito: mwizi, kibarua wa bei rahisi, mtu asiye na karatasi. Waarvaniti waliokuwa wakitania hadharani juu ya asili yao walianza kujitenga nayo wahamiaji walipofika, ingawa katika mashamba yale yale wazee ndio waliokuwa wa kwanza kugundua kwamba wanaweza kuelewana na vibarua wapya.

Kaskazini ni tofauti kidogo. Vijiji vichache vya Kikristo karibu na Florina, kama Lechovo, Drosopigi na Flampouro, vilianzishwa na watu waliokuja baadaye sana, na huko mtu anaweza kujitaja kwa jina ambalo Waalbania hujiita wenyewe bila maana ya kudai uraia mwingine. Ndugu baharia, njia salama ni kumwacha mwenyeji ataje yeye kwanza. Ukiuliza, uliza kijiji chake: "Kwenu ni wapi?" Akijibu Markopoulo, Koropi, Keratea au Salamina, yanayobaki atakuambia mwenyewe akitaka.

Nataka kurekodi wazee wanaosema Kiarvanitika kwa ajili ya utafiti. Nimejaribu kwa wawili wakanijibu kwa Kigiriki tu. Nakosea wapi? Na je, Mwarvaniti na mtu wa Tirana wanaelewana? (Mwanafunzi wa isimu, Patras)

Nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Wanaelewana nusunusu. Kiarvanitika ni tawi la Kitosk, lahaja za kusini, na Kialbania sanifu kilichokubaliwa Tirana 1972 kinasimama juu ya Kitosk pia. Lakini Waarvaniti walikwisha kuondoka zamani. Wamebaki na sauti za kale, kwa mfano *gluhë* (lugha) na *klumësht* (maziwa), ambapo Tirana husema *gjuhë* na *qumësht*. Maneno ya shule, ofisi, umeme na hospitali wameyachukua kwenye Kigiriki. Hawakushiriki kongamano la Bitola la 1908 lililoweka alfabeti ya Kilatini, wala hawakusoma hata siku moja kwa lugha hiyo. Kwa hiyo wawili hao wataelewana juu ya mbuzi, mkate, mvua na ukoo, kisha watakwama kwenye bili ya maji.

Sasa kurekodi. Kosa la kwanza ni kuuliza kwa Kigiriki. Mzee aliyezoea miaka sitini kwamba mgeni husemeshwa Kigiriki atafuata lugha ya swali, na atakupa orodha ya maneno badala ya mazungumzo. Dawa yake ni kuwaweka wazee wawili waliozoeana, ndugu au majirani wa rika moja, na wewe ukae kando. Kama unajua Kialbania kidogo, kitumie kuanzisha, lakini jihadhari: mzee anaweza kujirekebisha ili afanane nawe, ukaishia kurekodi Kialbania chako mwenyewe kinywani mwake.

Kosa la pili ni mada. Ukiuliza "utambulisho wenu ni upi" utapata hotuba ya sherehe za taifa, kwa Kigiriki fasaha. Uliza kazi. Katika Mesogeia, uwanda wa mashariki mwa Attica, uliza mizabibu na ugemaji wa utomvu wa misonobari, kwa sababu msamiati wa kazi zile ulibaki katika Kiarvanitika muda mrefu kuliko mwingine wowote. Uliza majina ya sehemu za jembe, magonjwa ya kondoo, majina ya jamaa, mafumbo, laana na utani. Nyimbo ni nzuri lakini zisiwe za kwanza: wimbo hukaririwa hata na asiyejua tena lugha, na ukianza nao utadhani una msemaji kumbe una mwimbaji.

Kwa vyombo, tumia kinasa sauti kinachohifadhi faili za WAV, angalau 44.1 kHz na biti 16. MP3 hutupa sehemu ya sauti ambayo unaweza kuihitaji unapopima matamshi. Weka maikrofoni sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, upande kidogo ili pumzi isiigonge moja kwa moja. Zima friji ya jikoni, na ufunguo wa gari uuweke ndani ya friji hiyo, la sivyo utaondoka na kuiacha imezimwa. Nusu saa inatosha kwa kikao kimoja, mzee akichoka hubadilisha lugha. Mwanzoni mwa faili taja tarehe, kijiji, umri, kijiji alikozaliwa mama yake msemaji (hili husahaulika, na ndilo linaloeleza tofauti nyingi za matamshi), na idhini yake kwa sauti yake mwenyewe.

Kwa maandishi, alfabeti ya Kigiriki ina herufi za *th* na *dh* lakini haina *sh* wala *ë*. Wenyeji wengi huandika kwa herufi za Kigiriki na kila mmoja ana mtindo wake. Andika rasimu yako kwa alfabeti ya Kialbania, weka pembeni vile mwenyeji alivyoandika, na usiondoe maneno ya Kigiriki yaliyochanganyika. Mchanganyiko huo ndio data. Tafiti zilizofanywa Attica na Boeotia miaka ya 1970 na Peter Trudgill na Georgios Tzavaras zilikwisha kuonyesha ngazi ya vizazi: wazee wanasema, watu wazima wanaelewa, watoto hawaoni faida. UNESCO imekiweka Kiarvanitika katika orodha ya lugha zilizo hatarini sana. Wasemaji wazuri waliobaki leo ndio wa mwisho, kwa hiyo usisubiri kiangazi kijacho.

Mume wangu ni Mgiriki wa Attica. Bibi yake hutaja Kriekouki kuwa kijiji chao, lakini kwenye ramani hakipo. Tunaanzaje kutafuta ukoo? (Dada wa Elefsina)

Dada, kijiji kipo, kimebadilishwa jina tu. Kriekouki leo ni Erythres, magharibi mwa Attica. Serikali iliunda tume ya majina ya mahali mwaka 1909, na majina mengi ya Kialbania, Kislavoni na Kituruki yakafutwa. Liopesi ikawa Paiania, Menidi ikawa Acharnes. Hatua ya kwanza basi ni kuwauliza wazee majina ya zamani na kuyalinganisha na mapya, kwa sababu nyaraka za kabla ya mabadiliko zimeorodheshwa kwa jina la kale.

Hatua ya pili ni manispaa. Mume wako aombe cheti cha hali ya familia, kisha aulizie rejista ya wanaume, *mitroo arrenon*, iliyotunzwa kwa ajili ya jeshi. Humo utapata mwaka wa kuzaliwa na jina la baba, na mara nyingi unaweza kurudi nyuma hadi karne ya 19. Wanawake hawamo. Kwa upande wa bibi itabidi kupitia ubatizo na ndoa kanisani, na vitabu vya kanisa huwa vimeungua, vimelowana au vimehamishwa; mpigie paroko simu kabla ya kufunga safari.

Hatua ya tatu ni Hifadhi Kuu ya Nyaraka za Taifa, inayojulikana kwa herufi GAK, yenye orodha za wapiga kura za karne ya 19: wanaume tu, lakini zenye umri na kazi. Ukitaka kwenda mbali zaidi, ziko rejista za kodi za Uthmani. Ile ya Peloponnese ya mwaka 1460 hadi 1463 inataja kila kijiji kama ni cha Wagiriki au cha Waalbania, na kwa Boeotia ziko za 1466 na 1506. Hizo husomwa na wataalamu wa Kituruki cha Uthmani, na sehemu yake imechapishwa. Zitakupa kijiji na majina ya wenye kaya. Mnyororo kamili wa baba hadi mwana kutoka 1506 hadi leo usiutarajie, na anayekuuzia mnyororo huo mpe kwaheri.

Panapoharibika ni kwenye majina. Mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo ndugu watatu wanaweza kuwa na wana watatu wenye jina moja na ukoo mmoja ndani ya kijiji kimoja. Usimkubali mtu mpaka jina la baba na mwaka vilingane. Jina la ukoo la mwanamke hubadilika umbo: dada yake Lekkas ni Lekka, na si ukoo mwingine. Ndoa zilizofungwa baada ya sheria ya familia ya 1983 hazimbadilishi mke jina. Kabla ya hapo hubadilika, ukampoteza.

Na jina si ushahidi. Gkinis, Gkikas, Priftis na Kriezis yanasikika Kialbania na kwa kawaida ndivyo yalivyo, lakini jina husafiri kwa ndoa, kwa mali na kwa lakabu. Vipimo vya DNA vinavyouzwa kwa posta haviwezi kumtofautisha Mwarvaniti na jirani yake aliyeoana na ukoo wake kwa miaka 600. Hifadhini hela.

Wacham ni nani, na kwa nini kuwataja kunazua ugomvi? (Msomaji wa siasa za kimataifa)

Ni Waalbania, wengi wao Waislamu, waliokaa Thesprotia, sehemu ya Epirus: Filiates, Igoumenitsa, Paramythia, Margariti. Mkataba wa Lausanne wa 1923 ulipobadilishana watu kwa dini kati ya Ugiriki na Uturuki, wao waliachwa nje kwa kuwa asili yao ni Albania. Wakati wa uvamizi wa Italia na Ujerumani sehemu yao ilishirikiana na wavamizi, na Wagiriki waliuawa. Mwaka 1944 na 1945 vikosi vya EDES, kundi la Wagiriki la wapiganaji wa msituni dhidi ya wavamizi, chini ya Napoleon Zervas viliwaondosha karibu Wacham Waislamu wote kwa mauaji na kuwafukuza, wakiwamo watoto na watu ambao hawakushirikiana na yeyote. Paramythia, tarehe 27 Juni 1944, ndiyo inayokumbukwa zaidi, na Albania imeifanya siku hiyo kuwa ya kumbukumbu.

Ugomvi wa leo ni mali na maneno. Athens inasema hakuna "suala la Wacham", kwamba walioshirikiana na adui walihukumiwa. Tirana na vizazi vya waliofukuzwa wanadai mashamba. Katikati ipo sheria ya vita ya 1940, Italia ilipoivamia Ugiriki kutokea Albania: serikali ya Ugiriki ilitangaza 1987 kwamba hali ya vita na Albania imekwisha, lakini bunge halikulifuta jambo hilo kwa sheria, na mali zilizozuiwa kama za adui zimebaki kwenye utata. Mitego ya kawaida ya waandishi ni miwili: kuandika juu ya ushirikiano bila kutaja kufukuzwa, au kufukuzwa bila ushirikiano. Ukiona makala ina kimoja tu, umekwisha kujua imeandikiwa upande upi wa mpaka.

Mfanyakazi mwenzangu ni mama kutoka Albania, yuko Athens tangu 1998. Mwanawe amezaliwa hapa na yuko darasa la nne, lakini bado si raia. Kwa nini? Na kwa nini jina lake limeandikwa namna tatu katika karatasi tatu? (Dada wa Kypseli)

Kuzaliwa Ugiriki peke yake hakumpi mtoto wa wageni uraia. Sheria ya 2010 ilifungua mlango, Baraza la Dola (mahakama ya juu ya masuala ya utawala) likaufunga 2013, na sheria namba 4332 ya 2015 ikaufungua tena kwa masharti. Mtoto aliyezaliwa nchini anastahili akishaandikishwa darasa la kwanza la shule ya Kigiriki, ikiwa mzazi mmoja alikuwa na ukaaji halali usiokatika wa miaka 5 kabla ya kuzaliwa kwake. Kama mtoto alizaliwa kabla ya miaka hiyo kutimia, mzazi anahitaji kufikisha 10. Mzazi awe na kibali halali siku ya maombi. Ada ni euro 100. Kwa mtoto aliyekosa njia hiyo ipo ya shule: miaka 9 ya masomo katika shule za Kigiriki, au 6 ya sekondari, na maombi yake mwenyewe yanapokelewa ndani ya miaka 3 baada ya kutimiza 18. Muda huo wengi huuacha upite wakidhani haki hiyo haina mwisho.

Neno gumu hapo ni "usiokatika". Wengi walianza na vibali vya mpango wa 1998, uliotokana na amri za rais za 1997. Kuhuisha kibali kulidai siku za bima ya kazi. Mama aliyefanya usafi majumbani bila kuandikishwa, au baba wa ujenzi aliyekaa bila kazi baada ya mgogoro wa 2010, alikosa siku hizo na kibali kikakatika miezi kadhaa. Miezi hiyo ndiyo inayoua faili. Basi kabla ya kulipa ada, mama huyo aombe ofisi ya uhamiaji taarifa ya vibali vyake vyote kwa tarehe, avipange vikifuatana, na atafute mwanya. Uthibitisho kwamba maombi ya kuhuisha yaliwasilishwa kwa wakati huziba mwanya, kwa hiyo karatasi za risiti za zamani zisitupwe kamwe. Akikuta mwanya kwake, atazame vibali vya baba: sheria inahitaji mmoja.

Faili lenyewe hupelekwa ofisi ya uraia ya Wizara ya Mambo ya Ndani inayohusika na mkoa wao, na tamko hutolewa na wazazi wote wawili. Cheti cha kuzaliwa kikaguliwe kwa makini: Ugiriki mtoto anaweza kusajiliwa kuzaliwa bila jina, na jina likaongezwa baadaye kwa tamko la wazazi. Wahamiaji wengi hawakulijua hilo, na mtoto wa miaka kumi ana cheti chenye nafasi tupu. Wengine walimbatiza mtoto wakampa jina la Kigiriki kanisani, na sasa ana jina moja shuleni, jingine katika pasipoti.

Hapo tumefika kwenye jina la namna tatu. Kialbania huandikwa kwa Kilatini. Karani wa Ugiriki hulihamishia kwenye herufi za Kigiriki kwa sikio. Baadaye, hati ikihitaji Kilatini, jina la Kigiriki hurudishwa kwa kanuni ya ELOT 743, bila kuangalia lilikotoka. Dritan anageuka Ntritan, Gëzim anageuka Gkezim, na Hoxha anageuka Chotza. Hakuna aliyekosea, ni njia mbili zisizorudi mahali pamoja. Madhara yake huonekana benki, chuoni, na mtu anapopata pasipoti ya Ugiriki isiyolingana na ya Albania.

La kufanya: achague tahajia moja ya Kigiriki mapema, ile iliyo katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kila ofisi aonyeshe hiyo asiitamke. Tofauti zilizokwisha kuingia huhitaji cheti cha kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, kutoka mamlaka za Albania, pamoja na tafsiri rasmi. Cheti cha Albania kiwe na apostili (muhuri wa kuthibitisha hati kwa matumizi ya nchi nyingine) kabla ya kutafsiriwa, maana muhuri nao hutafsiriwa. Wakiufuata mpangilio wa kinyume watalipa mara mbili. Wakati wa kuomba pasipoti ya Ugiriki anaweza kuomba tahajia ya Kilatini ya asili, akiambatanisha hati inayoionyesha. Aombe siku hiyohiyo, kabla haijachapwa.

Mama mwenyewe akitaka uraia, njia yake ni nyingine: ada ya maombi euro 550, na tangu sheria ya 2020 mtihani wa maandishi wa lugha, historia, jiografia na siasa ya nchi. Maswali hutoka katika benki iliyochapishwa, kwa hiyo asome benki hiyo, si vitabu vya shule vya mwanawe.

Mwenzangu Mwalbania anaingia Ugiriki bila viza. Je, anaruhusiwa kufanya kazi? (Kibarua, Thessaloniki)

Hapana, kaka. Tangu Desemba 2010 mwenye pasipoti ya kibayometriki ya Albania huingia eneo la Schengen bila viza, siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa matembezi. Kazi inahitaji kibali, hata ya msimu wa zeituni. Siku zinahesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka leo, hazianzi upya kwa kuvuka mpaka wa Kakavia na kurudi jioni.

Kwa nini Waalbania wengine walipewa kitambulisho maalumu na wengine wakapanga foleni ya vibali? (Msomaji)

Waliopewa ni Wagiriki wa kusini mwa Albania, Gjirokastër, Sarandë na Himarë, ambao Athens inawatambua kuwa wa ukoo wake. Kadi yao huwapa haki ya kukaa na kufanya kazi, na tangu katikati ya miaka ya 2000 njia yao ya uraia ilirahisishwa. Albania ya kikomunisti ilitambua Wagiriki wa vijiji 99 tu, Himarë haikuwamo. Ndiko alikotoka Pyrros Dimas, mnyanyua vyuma aliyeipa Ugiriki dhahabu tatu za Olimpiki, 1992, 1996 na 2000, na baadaye akawa mbunge. Tatizo la mfumo huo lilikuwa uthibitisho: nani Mgiriki, na nani anasema hivyo kwa kuwa foleni yake ni fupi? Wapo waliobadilisha jina na dini ili kuingia, na wapo Wagiriki halisi waliokosa karatasi ya kuonyesha.

Watoto wa wahamiaji wanaweza kujifunza Kialbania shuleni? Na ni kweli kwamba hawaruhusiwi kubeba bendera? (Mwalimu wa msingi)

Bendera wanaruhusiwa. Katika magwaride ya sikukuu za taifa, 28 Oktoba na 25 Machi, hubebwa na mwanafunzi bora, bila kujali uraia. Mwaka 2000 na tena 2003, huko Nea Michaniona karibu na Thessaloniki, mwanafunzi Mwalbania aliyeongoza darasa alipingwa na wazazi hadi akaiachia, ingawa sheria na rais wa nchi walikuwa upande wake.

Lugha ni jambo jingine. Shule za serikali hazifundishi Kialbania kama somo la kawaida. Ugiriki haikutia saini mkataba wa Ulaya wa lugha za wachache, na ule wa kulinda makabila madogo iliutia saini 1997 bila kuuridhia. Wachache inaowatambua kwa mkataba ni Waislamu wa Thrace Magharibi. Kinachopatikana ni madarasa ya vyama vya wahamiaji, mara nyingi mwisho wa juma, mwalimu wa kujitolea na chumba cha kuazima. Mwalimu, ukitaka kusaidia, jambo lenye manufaa zaidi ni kuwapa chumba hicho Jumamosi asubuhi na funguo za choo. Watoto waanze kabla ya miaka tisa. Baadaye huwa wanaelewa lakini hujibu kwa Kigiriki, na kwenye kuandika hukwama kwa *ë*, *q* na *xh*, herufi ambazo hawajawahi kuziona zikitumika popote mtaani kwao.